Siku Tulipokata Urubingo wa Uwanjani

Kaka yangu Sebahire ana filimbi ya chuma aliyoifunga kwenye uzi wa kiatu, na hakuna mtu wa Nyakiriba ambaye hajapigiwa filimbi hiyo. Mbuzi wamepigiwa, wanafunzi wamepigiwa, na padri mmoja aliyetaka kukatiza na pikipiki alipigiwa mpaka akashuka akaisukuma. Mimi Illuminée, dada yake wa tumbo moja, nilipigiwa siku niliyompelekea chakula nikapita katikati ya uwanja badala ya kuzunguka. Nilizunguka, chakula kikapoa, nami nikanuna. Yeye alikula chote na hakuomba radhi.

Kuomba radhi hajui. Nalisema mapema ili mjue nawasimulia habari za mtu wa namna gani.

Kazi yake ni kutunza uwanja wa ndege. Msifikirie lami na taa na wasichana wenye skafu shingoni. Ni kipande cha nyasi cha mita mia nane, juu kwenye mashamba ya viazi, mali ya ushirika wa wakulima. Mara mbili au tatu kwa mwezi inatua ndege ndogo yenye daktari wa mifugo, au wataalamu wa mbegu, au watu wa kanisa. Sebahire anafyeka nyasi, anafukia mashimo ya fuko, anapaka chokaa mawe ya volkano yaliyopangwa pembeni kila baada ya hatua hamsini. Mfuko wa upepo unaoning'inia kwenye mlingoti nimeushona mimi, kwenye cherehani yangu kule Nengo, kwa kitambaa cha makoti ya mvua ya rangi ya machungwa. Jua linautafuna, na kila mwaka nashona mwingine.

Kazi hii alijifunza Masisi, upande wa Kongo, tulikozaliwa. Huko ndiko alikotoa pia mtindo wake wa kupima ardhi, ambao sijauona kwa mtu mwingine. Ana chukudu, kile chombo cha mbao cha Goma chenye magurudumu mawili na usukani, ambacho mtu anapiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu wa pili. Kabla ndege haijaja, Sebahire anapakia magunia matatu ya viazi juu ya chukudu, anaisukuma toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, kisha anarudi kwa magoti akitia vidole katika alama ya gurudumu. Ikizidi vidole viwili, anatandika kitambaa chekundu katikati ya uwanja na rubani anarudi alikotoka. Hakuna bosi aliyewahi kumbembeleza akabadilisha. Na ndege ikishatua hamsalimii mtu kwanza. Anakwenda kuzipima alama za magurudumu, halafu ndipo anakuja kukupa mkono.

Chukudu hiyo ina habari yake. Mwaka ambao volkano ilishuka ikaingia Goma, Sebahire aliisukuma hadi Grande Barrière, pale mpakani, ikiwa na magunia, na juu ya magunia alikuwa Umuhire, mwanawe wa miaka miwili, ameshika sufuria. Mama yake, Laurence, alikuwa nyuma, na mimi nilikuwa na kichwa cha cherehani kichwani mwangu. Tulipofika upande huu mtoto alikataa kushuka. Aliangalia chini akaona mbali. Sebahire akanyoosha mikono akamwambia, "Ruka, nimekushika." Mtoto akaitupa sufuria, akaruka.

Laurence alifariki Umuhire akiwa na miaka sita. Tangu hapo tulimlea wawili, mimi wakati wa shule na yeye wakati wa likizo. Likizo zake zote zilipita pembeni mwa zile nyasi. Watoto wengine walifundishwa nyimbo, yeye alifundishwa mawe: kama magurudumu yangali hewani kwenye jiwe la nne, usilazimishe, pandisha, zunguka, anza upya. Aliyasema hayo hata usingizini, na mimi nilikuwa nakasirika, kwa sababu niliona msichana anafundishwa mambo yasiyokuwa na kazi kwake.

Basi nilikosea. Umuhire ana miaka ishirini na mitano sasa, na miaka miwili hii amekuwa Kigali, akisomea urubani kwa ufadhili alioutafuta mwenyewe. Katika miaka hiyo miwili baba yake hakwenda kumwona akiruka hata mara moja. Alisema gari linamtibua tumbo. Uongo mtupu. Aliogopa, basi. Huyu mtu amepokea ndege miaka arobaini na hajawahi kukaa ndani ya hata moja.

Mwezi wa sita shule ilimpa Umuhire safari ya mwisho ya mafunzo na kumwachia achague mahali pa kutua. Alichagua nyasi za baba yake. Baada ya hapo angekwenda nchi za mbali kujifunza ndege kubwa, ambazo hazitui kwenye nyasi za mtu yeyote. Tulijua sote kwamba siku ni hiyo moja tu.

Ikaangukia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila mtaa unatoka kufanya kazi ya pamoja na pikipiki hazitembei. Kwa hiyo nilipanda Nyakiriba alfajiri, na chupa ya chai na maandazi. Nilimkuta Sebahire amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa koti, na chukudu ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ardhi ilikuwa kavu, kidole hakikuingia hata kucha. Nilimwona ana furaha, ingawa kwa uso wake unahitaji kumjua miaka mingi.

Mnamo saa moja simu yangu ikalia. Ilikuwa picha. Umuhire amesimama kando ya ndege nyeupe, amevaa shati la urubani, anacheka, mkono mmoja ameuegemeza kwenye bawa. Nikampa Sebahire aone, maana simu yake yeye ni ya tochi.

Alitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Bawa iko wapi?"

"Si ile, Yaya," nilimwambia, maana kwetu kaka mkubwa ni Yaya. "Ile anashika."

"Ile ya chini naona. Ya juu iko wapi?"

"Hakuna ya juu. Iko ile tu."

Aliweka kiganja kwenye paja lake mwenyewe, pale bawa lilipofikia kwenye paja la mwanawe. Halafu akageuka taratibu akatazama pembeni mwa uwanja, nami nikatazama.

Pembeni mwa uwanja, pande zote mbili, toka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umesimama urubingo, majani marefu ya ng'ombe ambayo kwetu yanapandwa kila mahali kushika udongo. Mwaka wa mafuriko, mlima ulianza kubomoka na kwenda na maji. Sebahire alimruhusu jirani, Mukankusi, apande urubingo kwenye kingo za uwanja. Yeye angekata kwa ajili ya ng'ombe wake, na mizizi ingeshika udongo. Ulikuwa mpango mzuri. Urubingo uliota, ukaingia ndani hatua moja, mwaka uliofuata hatua nyingine, na ukawa mrefu kuliko mimi. Sebahire hakusumbuka, kwa sababu ndege zote alizowahi kupokea, toka Masisi hadi hapa, zilikuwa za bawa la juu. Bawa linapita juu ya majani, matairi yanapita katikati, kila mtu yuko salama. Zilikuwa zimebaki hatua kumi na mbili za nyasi fupi. Kwa matairi zilitosha. Kwa ndege ambayo mabawa yake yanapita kwenye kimo cha paja, ule urubingo ulikuwa kuta mbili.

Alinirudishia simu akaenda stoo. Alitoka na kitambaa chekundu.

"Nitatandika hii," alisema. "Nitamuambia mvua ilinyesha, udongo iko laini."

"Mvua ya wapi?"

"Ya huku juu."

"Yaya, vumbi iko inaingia mu chai."

Alikaa kwenye magunia, kitambaa kiko magotini. Nilitaka kumfokea, na kwa kawaida ningemfokea, lakini nilikaa kando yake. Nilimpenda sana wakati ule, na nilimhurumia. Miaka arobaini hakuna ndege iliyokwaruzwa kwake, na ya kwanza ambayo angeikataa kwa kosa lake mwenyewe ilikuwa ya mtoto wake.

"Muite," alisema mwishowe. "Mi nitasema."

Nikapiga, nikaweka sauti ili tusikie wote.

"Papa, bonjour. Uliona picha?"

"Niliona. Umuhire, mi nilikosea. Niliacha urubingo ikaingia. Sikuwaza bawa ya chini. Fasi iko hatua kumi na mbili tu."

"Hiyo haitoshi, Papa."

"Haitoshi. Lakini tunaweza kuikata."

"We na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, Papa? We uligombana na wote."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Hata Sebahire alitaka kucheka.

"Nitawaomba," alisema.

Umuhire akasema vizuri, angechelewesha safari, angeondoka Kigali saa nne na nusu. Asingeweza kuchelewa zaidi, kwani ikikaribia saa sita upepo wa huku unageuka. "Nikifika nione bado, nitarudi," alisema. "Haina shida." Ilikuwa na shida, na sauti yake ilituambia hivyo.

Watu walikuwa wamekusanyika chini kidogo, majembe na mapanga mkononi, wachimbe mtaro kando ya barabara. Walikuwa kama sitini. Sebahire alitembea mbele yangu, na tulipokaribia niliona anavua ile filimbi shingoni na kuitia mfukoni mwa koti. Alimwendea Gad, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, akavua kofia, akaeleza. Nadhani watu hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kupuliza kitu.

"Mi nilikosea," alimaliza. Mara ya pili asubuhi moja.

Gad alijikuna shingo. Alisema mtaro umeandikwa kuwa ndiyo kazi ya siku ile, na tena urubingo si wake wala si wa Sebahire, ni wa Mukankusi. Macho yote yakamgeukia Mukankusi.

Huyu ni mama mfupi, mpana, aliyetoka Masisi kama sisi. Tangu Pasaka alikuwa hamsalimii Sebahire, kwa sababu alimpigia filimbi mbele ya wageni wake waliovaa vizuri. Alikuwa na ng'ombe mwenye mimba, na kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza. Urubingo ukikatwa wote siku moja, utanyauka baada ya juma moja, na wa kuchipua upya unangoja mvua.

"Na ngombe yangu itakula nini mwezi wa nane?" aliuliza.

"Nitakata majani kule chini ku mto," alisema Sebahire. "Nitakuletea na chukudu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na dimanche, siku ya misa?"

"Na dimanche. Mpaka mvua inarudi."

Mukankusi aliinama akaokota panga lake.

"Huyu mutoto nilimubeba mu mugongo wakati mama yake iko mugonjwa," alisema, si kwa Sebahire bali kwa Gad. "Mutaro inaweza kungoja." Akaanza kupanda mlima bila kutazama nani anamfuata.

Walimfuata wote, Gad akiwa wa mwisho.

Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo. Mikono yangu imezoea sindano, na majani ya urubingo yanakata ngozi, unagundua jasho linapoingia. Upande mmoja aliongoza Mukankusi, upande wa pili Gad. Sebahire alikata kijiti kirefu kufikia goti lake, akawa anakimbia nacho toka mtu hadi mtu. Chochote kilichozidi kijiti kikatwe tena. Na marundo yasiachwe pembeni, yabebwe mpaka kule mashambani, maana rundo nalo linagonga bawa. Mwanamume mmoja alitupa mzigo wake nje kidogo tu ya mawe. Sebahire akapeleka mkono kifuani, hakuikuta filimbi, akabaki amefungua mdomo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu yule mwanamume akaubeba mzigo wake akaupeleka mbali, bila kupigiwa chochote.

Saa tano kasoro tulimaliza. Uwanja ulionekana mpana, mgeni, kama chumba kilichotolewa vitanda. Sebahire akapakia magunia yake matatu tena.

"Yaya, ulishapima," nilimwambia.

"Nilipima kabla ya watu sitini kukanyaga."

Akasukuma hadi mwisho, akarudi kwa magoti. Hakuna aliyemcheka.

Tulisikia ndege kabla ya kuiona. Ilitokea upande wa mashariki, ndogo, ikapita juu yetu ikiinama upande mmoja ili walio ndani waone chini, kisha ikaenda mbali ikageuka. Ndani walikuwa wawili, Umuhire na mwalimu wake, Rugema. Watu walijipanga nyuma kabisa ya mawe. Sebahire alisimama penye jiwe la kwanza, kofia mkononi.

Ilishuka vizuri, nikaona matairi, nikaona uso wa kioo. Ikafika juu ya nyasi, kimo cha mtu, kimo cha kifua, halafu ikakataa kutua. Iliendelea tu kuelea, magurudumu karibu na nyasi na hayagusi. Baadaye Rugema alinieleza kwamba bawa la chini linapokaribia ardhi hewa inabanwa chini yake na kuishikilia ndege, na kwamba hewa nyepesi ya milima yetu inaikimbiza zaidi. Wakati ule mimi sikujua. Niliona tu mtoto wetu anaelea na uwanja unakwisha.

Sebahire alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. "Moja. Mbili. Tatu." Ndege bado iko hewani. "Ine," alisema. "Pandisha, mama. Pandisha."

Injini ikanguruma, ndege ikainuka, ikapita juu ya mashamba ya viazi. Mukankusi alinishika mkono akauliza kama ndio amerudi Kigali. Wengine waliguna. Sebahire alikuwa amegeukia upande wetu, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Hapana," alisema. "Amefanya muzuri. Amefanya vile nilimufundisha."

Mara ya pili alikuja polepole zaidi, chini zaidi. Mabawa yalipita usawa wa mapaja yetu, juu ya vishina tulivyokata, na nafasi ilibaki kila upande. Matairi yaligusa baada ya jiwe la pili, yakaruka kidogo, yakagusa tena, yakakaa. Ndege ilipunguza mwendo, ikatikisika juu ya nyasi, ikasimama mbali na mwisho wa uwanja.

Tulimngoja Sebahire aende kupima alama. Ndiyo desturi yake, na hata Gad alimpisha. Alizipita bila kuzitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndege, na alipofika hakujua asimame wapi, kwa sababu kila ndege aliyoijua ina mlango chini ya bawa, na hii chini ya bawa lake mbwa ndiye anayetosha. Kioo kikafunguka. Umuhire akatoka kwa juu, akasimama juu ya bawa na viatu vyake vyeusi na mistari yake mabegani, kifua chake kikiwa juu ya kichwa cha baba yake. Ilikuwa ni hatua moja tu ya kushuka.

Sebahire aliangusha kofia akanyoosha mikono.

"Ruka," alisema. "Nimekushika."

Watu sitini walikuwa wanatazama, na mwalimu wake alikuwa nyuma yake. Rubani mzima. Nilidhani angecheka, ashuke mwenyewe, ampe baba mkono. Aliruka. Mzee aliyumba, akarudi nyuma hatua mbili, akajikaza.

Alama tulizipima mimi na Mukankusi. Hazikufika nusu ya kidole. Tuliporudi kumwambia, wao walikuwa bado pale pale kando ya bawa.

"Papa," Umuhire alikuwa anasema, "miguu yangu iko chini."

"Najua," alisema Sebahire, na hakumwachia.